Usipige breki ukikimbia: jirekodi, jiangalie

Haya wadau, leo ni miguu tu. Najua ushaambiwa kutua na kisigino ni dhambi, tua na vidole, tua katikati, ubishi hauishi, ila kabla hujabishana mguu unatua na nini angalia kwanza unatua WAPI.

Weka simu pembeni, usawa wa kiuno, upite mbele yake kwa spidi yako ya kila siku. Pita mara tatu, maana ile ya kwanza kila mtu anaigiza.

Sasa punguza spidi ya video usimamishe palepale mguu unapogusa chini. Ona wangu huu, umetangulia mbali mbele ya nyonga, goti limenyooka, muundi umelalia nyuma. Hiyo ni breki. Kila hatua ardhi inakusukuma urudi nyuma halafu unatumia nguvu upya kurudisha mwendo, na goti ndo linalipa, kwa sababu ukikimbia ule mguu ulio chini unabeba kama mara 2 hadi 3 ya uzito wako, yaani mtu wa kilo 70 hapo ni 140 mpaka 210, mguu mmoja!

Usihangaike kuuvuta mguu kwa makusudi, utakimbia kama roboti. Hesabu mguu wa kulia unavyogusa chini kwa sekunde 30, zidisha kwa 4, hizo ndo hatua zako kwa dakika. Umepata 160? Ongeza asilimia 5 tu, 168, washa metronomu (programu inayopiga mlio kwa mapigo sawasawa) kwenye simu ufuate mlio, ila spidi ibaki ileile, hatua zitafupika zenyewe. Ile hatua 180 kwa dakika mnayoimbiwa ilitokana na kuwahesabu wanariadha wa Olimpiki ya 1984 wakiwa kwenye mashindano, we uko mazoezini, tulia.

Na wanaotaka kuhamia vidoleni: kile kishindo cha kwanza kinapungua kweli, ila mzigo haupotei, unahama kutoka gotini unaenda kwenye shavu la mguu na kano ya Akilesi, ile ya nyuma ya kisigino. Kwa mbio fupi poa, ile kano inafanya kazi kama springi. Mimi nilibadili siku moja tu kwa kilomita nane, kesho yake ngazi nimeshuka kinyumenyume.

Kwa hiyo dakika moja na metronomu, moja bila, rudia mara sita, wiki tatu hivi. Kisha jirekodi tena palepale, viatu vilevile, weka picha mbili pamoja uangalie muundi.