Ombi linalokufa kabla ya kusomwa

Wenzangu, nimeombwa nieleze kilichobadilika kwa anayeomba fedha za utafiti wa tiba kutoka serikali ya Marekani, yaani kwa NIH, zile Taasisi za Taifa za Afya zilizoko Bethesda. Yamebadilika mengi na nitayagusa. Lakini ruhusuni nianzie pale ninapoanzia siku zote, kwa sababu pana kidonda kisichopona: usajili. Watu wanaandika ombi miezi minane. Hoja imesimama, takwimu za awali zipo, washirika wamesaini barua zao. Halafu, saa 11 kasoro dakika kumi jioni ya siku ya mwisho, mfumo unalikataa kwa kuwa usajili wa taasisi kwenye SAM.gov, daftari la serikali ya Marekani la wanaoomba fedha zake, uliisha wiki mbili nyuma. Hakuna mhakiki aliyelifungua, wala alama iliyotolewa. Kazi ya miezi minane imezuiwa na fomu ya dakika chache ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Mlolongo mnaujua, sitaurudia wote. Nataka tuangalie unakatikia wapi. Matangazo ya NIH yanaitaka taasisi ya kigeni iwe na msimbo wa NCAGE, unaoitambulisha taasisi iliyo nje ya Marekani, kisha ijisajili SAM.gov na kupata UEI, ule utambulisho wa herufi na tarakimu 12 uliochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, mwezi Aprili 2022. Jina na anwani lazima vilingane kote. Cheti cha usajili wa taasisi kikisema jina kamili, na aliyejaza fomu ya NCAGE akaweka ufupisho, mmeshakwama, kwa sababu SAM.gov hulinganisha maandishi na haijui kwamba hao wawili ni taasisi moja. Anwani nayo huwasumbua sana watu wa kwetu. Tumezoea kuandika S.L.P., wao wanataka mahali halisi: jengo, barabara, mji. Sanduku la posta halipiti kama anwani ya mahali. Wakiomba hati ya kuthibitisha na yenu ni ya Kiswahili, itabidi iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kila swali wanalowarudishia hapa linakula siku, wakati mwingine wiki.

Kuna mtego mwingine, na huu unaniuma kwa sababu hauonekani. SAM.gov inakupa njia mbili: kupata UEI peke yake, au kusajili taasisi kikamilifu. Mtu anachagua ya kwanza kwa kuwa ni fupi, anapata namba, anamwandikia mtafiti mkuu kwamba tayari. Si tayari. UEI bila usajili kamili haimruhusu mtu kuwasilisha ombi la ruzuku. Basi mkifungua ukurasa wa taasisi yenu, msitosheke kuona namba. Tafuteni kama hali ya usajili inasomeka kuwa hai, na tarehe ya kuisha ni ipi. Usajili huhuishwa kila mwaka. Na haulipiwi. Anayewaandikia barua pepe akidai dola mia kadhaa awahuishie usajili ni mtu wa nje anayeuza huduma, au ni tapeli.

Sasa najua kuna anayesema moyoni: hiyo ni kazi ya ofisi ya ruzuku, mimi ni mwanasayansi. Nakuelewa, na ningependa iwe hivyo. Lakini jiulize akaunti ile iko kwa barua pepe ya nani. Katika SAM.gov kuna mtu mmoja anayeandikwa kuwa msimamizi wa shughuli za kielektroniki za taasisi, na ndiye anayetoa ruhusa kwenye Grants.gov, tovuti inayopokea maombi, kwa wale watakaosaini na kutuma maombi. Mtu huyo akistaafu au akihamia kwingine, na barua pepe yake ikafungwa, taarifa za kukumbusha kuhuisha usajili zinakwenda kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Ofisi itagundua siku ya kutuma. Kumbadilisha kunahitaji barua rasmi ya taasisi na kusubiri. Ndiyo maana mtafiti mkuu lazima aulize mwenyewe, kwa maandishi, na aombe picha ya skrini yenye tarehe. NIH wanasema usajili uanze angalau wiki 6 kabla ya tarehe ya mwisho. Mimi nawaambia miezi mitatu, na siipunguzi.

Baada ya hapo kuna eRA Commons, mfumo wa NIH wenyewe wa kukagua na kufuatilia maombi. Taasisi husajiliwa huko na afisa mwenye mamlaka ya kusaini, na kila mtafiti mkuu hupewa akaunti iliyofungamanishwa na taasisi hiyo. Ukiwa uliwahi kusoma au kufanya kazi kwingine na una akaunti ya huko, usifungue ya pili. Omba ile ile iunganishwe na taasisi mpya. Kisha, kwenye fomu ya watafiti wakuu na waandamizi, kuna kisanduku kidogo cha kuandika utambulisho wa Commons. Jina la kisanduku halisemi “Commons” wazi, kwa hiyo watu wanakiruka. Ukikiacha wazi ni kosa linalozuia ombi, na hilo linamhusu kila aliyeorodheshwa kama mtafiti mwandamizi, hata mshirika aliye nchi ya tatu. Mwombeni utambulisho wake mapema, msimtafute usiku wa mwisho.

Nikiwa bado kwenye mambo yanayoua ombi, niseme kuhusu karatasi. Kompyuta zetu huandika kwenye A4 bila kuulizwa. NIH wanataka ukurasa usiozidi inchi 8.5 kwa 11. A4 ina urefu wa sentimeta 29.7, yao ina 27.94. Tofauti ni sentimeta 1.76, na mtu ataona ni jambo dogo. Zidisha kwa kurasa 12 za mkakati wa utafiti wa R01, ruzuku yao kuu ya utafiti: ni sentimeta 21. Ukurasa wao ukiondoa pambizo za nusu inchi juu na chini unabaki na sentimeta 25.4 za maandishi. Kwa hiyo andiko lililojaa kurasa 12 kwenye A4 linakuja kuvuka kurasa 12 siku ya kulibadilisha, na unaanza kukata aya saa tatu kabla ya kutuma. Unachokata kwa haraka ndicho mhakiki atakachokuuliza. Wekeni ukubwa wa ukurasa siku ya kwanza, kabla ya neno la kwanza. Fonti isipungue pointi 11, msiweke vichwa wala vijachini vya kurasa, na viungo vya intaneti visiingie kwenye mkakati wa utafiti. Kwa R21 na R03, ruzuku zao ndogo, kurasa ni 6, na ukurasa wa malengo mahususi ni 1 kwa zote.

Kuhusu saa. Mwisho ni saa 11 jioni kwa saa za taasisi inayoomba. Narudia: inayoomba. Kama taasisi yenu iko Afrika Mashariki, ni saa 11 ya Afrika Mashariki, na mtu anayejipa saa saba au nane za ziada kwa kuhesabu saa za Washington amechelewa. Tena asubuhi yenu wale wa dawati la msaada wa eRA wamelala. Wanapofika kazini kwenu ni alasiri, na muda wenu unakaribia kwisha. Ndiyo sababu ombi liwe limeshatumwa siku kadhaa kabla.

Na kutuma si kufika. Grants.gov inalipokea, kisha eRA inalichukua na kulikagua upya. Maonyo hayazuii, makosa yanazuia. Lisipokuwa na makosa, mnaliona ombi lote likiwa limeunganishwa ndani ya eRA Commons, na mnapewa siku 2 za kazi za kulitazama. Lifungueni. Ukurasa kwa ukurasa. Tazameni kama grafu imetoka, kama alama za mikro hazijageuka visanduku vitupu, kama barua ya mshirika ni ya ombi hili na si la mwaka jana. Mkiona dosari, afisa anayesaini analikataa mwenyewe na mnatuma lililosahihishwa. Lakini sikieni vizuri: lililosahihishwa nalo lazima liingie kabla ya saa 11 ya siku ya mwisho. Zile siku 2 haziongezi muda. Aliyetuma dakika ya mwisho ana siku 2 za kutazama makosa yake bila uwezo wa kuyarekebisha. Kuchelewa kwa sababu ya usajili au kompyuta ya taasisi hakusamehewi. Kinachosikilizwa ni msiba, ugonjwa wa ghafla, janga la asili na mengine ya aina hiyo. Ukiwa ni mfumo wao ulioanguka, fungua tiketi kwenye dawati la msaada kabla ya saa 11 ndipo utakuwa na la kuonyesha.

Haya, mabadiliko. La kwanza linanirudisha kulekule. Tarehe 1 Mei 2025 NIH walitangaza kwamba hawatatoa tena ruzuku zenye mgawo wa chini kwa taasisi ya kigeni mpaka utaratibu mpya uwepo. Ule mtindo wetu wa miaka mingi, chuo cha Marekani kinapokea kisha kinatugawia, ndio ulioguswa. Utaratibu mpya unamfanya mshirika wa nje apate tuzo yake mwenyewe, iliyounganishwa na ya mradi mkuu, ili fedha zifuatiliwe moja kwa moja. Katika matangazo tafuteni misimbo ya aina hiyo ya ruzuku, PF5 na UF5. Mnaona maana yake? Taasisi iliyokuwa inajificha nyuma ya chuo kikubwa, ikiachia ofisi ya huko ishughulike na mifumo, sasa inapaswa kusimama kwa miguu yake: SAM.gov yake, Commons yake, hesabu zake za fedha. Anayepokea tuzo moja kwa moja hakwepi usajili. Mshirika wenu wa Marekani akisema “tutalimaliza sisi”, muulizeni ombi linakwenda chini ya tangazo gani, maana ombi lenye fedha za kigeni likipita mlango wa zamani litarudishwa.

La pili, uhakiki. Kwa maombi yenye tarehe za mwisho kuanzia 25 Januari 2025, vile vigezo vitano vimekusanywa kwenye mafungu matatu. Fungu la kwanza ni umuhimu wa utafiti, pamoja na upya wake. La pili ni umakini wa mbinu na uwezekano wa kutekelezeka. Haya mawili hupewa alama 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. La tatu ni utaalamu na rasilimali, ambalo halina alama: mhakiki anasema vinatosha, au anaandika kilichopungua. Bado linapimwa katika alama ya jumla, lakini sifa ya maabara haikuongezei namba. Kwa mtafiti wa taasisi isiyojulikana huu ni mlango. Ile nusu ukurasa ya kueleza majokofu na mashine, hamishieni kwenye kiambatisho cha vifaa, na nafasi ipeni fungu la pili: ukubwa wa sampuli umeupataje, utafanya nini washiriki wakipotea, lengo la pili litasimama vipi kama la kwanza halikuzaa. Lengo la pili linalotegemea matokeo ya la kwanza ni ugonjwa wa maombi mengi, na wahakiki huuona tangu ukurasa wa malengo.

Mengine nayapitia haraka. Tangu 25 Septemba 2025 mtafiti mkuu haruhusiwi kuwasilisha zaidi ya maombi 6 kwa mwaka wa kalenda, na ukiwa mmoja wa wakuu wawili linahesabika kwako pia. Tangazo hilohilo linasema ombi lililoandikwa kwa sehemu kubwa na akili mnemba halihesabiwi kuwa kazi yako; likigundulika hata baada ya tuzo, fedha zinaweza kusimamishwa. Makala zinazotokana na fedha zao na zilizokubaliwa kuchapishwa kuanzia 1 Julai 2025 huwekwa PubMed Central, hifadhi ya makala ya mtandaoni, mara zinapokubaliwa, na husomeka bure siku zinapochapishwa, bila ule muda wa kusubiri wa miezi 12. Wasifu wa watafiti, kwa tarehe za mwisho kuanzia 25 Januari 2026, hutengenezwa ndani ya SciENcv, mfumo wa mtandaoni wa kuandalia wasifu. Msaidizi anaweza kuujaza, kuuthibitisha ni mwenyewe tu, na ORCID yake, ile namba ya kumtambulisha mtafiti, iwe imeunganishwa na Commons.

Mpango wa kutunza na kushirikisha data unatakiwa tangu 25 Januari 2023, na wanashauri usizidi kurasa 2. Kosa ninaloliona ni kuahidi kuweka data wazi wakati fomu ya ridhaa aliyosaini mgonjwa hairuhusu, au sheria ya nchi inataka kibali kwanza. Andikeni ridhaa na mpango huo siku moja, meza moja. Gharama za kutunza data ziingie kwenye bajeti, zinakubalika.

Bajeti, kwa kifupi. Taasisi ya kigeni haitumii bajeti ya mafungu ya dola 25,000. Inajaza ya kina, kila mstari na maelezo yake. Gharama za moja kwa moja zikifika dola 500,000 kwa mwaka wowote, ombeni idhini angalau wiki 6 kabla.

Nilitaka tuzungumze kuhusu maafisa wa programu, wale wa NIH wanaosimamia kila eneo la utafiti, muda umekwisha. Mwandikieni afisa mkiambatisha ukurasa wa malengo na swali moja tu: je, hili linaingia kwenye vipaumbele vya taasisi yenu, na chini ya tangazo lipi? Lipitisheni swali hilo miezi minne kabla, maana jibu lake linaweza kuwabadilishia tangazo zima. Mwenyekiti, nakuachia maswali.