Injini Haijafa, Briza Ndiyo Imeziba

Nimeleta valvu mbili za briza, ile njia ya injini kutolea gesi ya ndani, moja mpya na moja iliyochoka. Zipitisheni huko nyuma, kila mtu azitikise karibu na sikio. Mpya inalia tik-tik. Nyingine ni bubu. Zirudi zote tafadhali, Nakuru hii naijua.

Sasa, kilio changu mnakijua. Gari likivuja oili, fundi anafungua kifuniko cha oili, anaona moshi kidogo, anatikisa kichwa: "Injini inapumua, mzee. Ringi zimekwisha." Kwani kuna injini isiyopumua? Hata ikiwa mpya, gesi kidogo hupenya kwenye ringi, zile pete za pistoni, kila moto unaposukuma pistoni. Ndiyo maana kuna briza: gesi inatoka kwenye tapeti kava, kile kifuniko kikubwa cha juu ya injini, inapita kwenye valvu, inavutwa na manifoldi, pale hewa inapoingilia injini, na kuchomwa. Ukiziba njia hiyo, gesi inatafuta mlango mwingine, na mlango dhaifu ni sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke.

Kuna mwalimu mmoja wa Njoro, gari lake ni dogo la kabureta, la mwaka wa 1989. Oili ilikuwa ikidondoka kati ya injini na giaboksi. Gereji moja ikashusha giaboksi, ikaweka sili mpya ya nyuma. Wiki tatu, oili imerudi. Wakashusha tena. Mara ya tatu wakapaka silikoni kama wanapamba keki ya harusi. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nayo ilikuwa ikiruka yenyewe, wakaifunga kwa waya! Jamani, dipstiki inakupigia kelele, nawe unaiziba mdomo? Alipofika kwangu alikuwa ameshaambiwa anunue injini, na tayari ameanza kuulizia mkopo. Nikachomoa paipu ya briza. Ndani nilikuta tope jeusi lililogandamana kama ukoko wa ugali, nikalitoboa kwa waya. Valvu ilikuwa imeganda kabisa. Nikaweka paipu na valvu mpya, nikaosha kava na wavu wake, nikashusha giaboksi kwa mara ya nne, nikaweka sili. Mwalimu hakutaka hata kuangalia. Sili ile ipo hadi leo, na sakafu anapoegesha gari ni kavu.

Najua kuna kijana hapa anayewaza: si tuchomoe paipu tuiache ining'inie chini? Ni kweli magari ya kale yalikuwa hivyo, kabla California haijadai mfumo huu wa valvu kwenye magari mapya, mwaka wa 1961. Lakini bomba lile lilivutwa na upepo wa mwendo. Ukikwama kwenye foleni upepo hakuna, na mvuke wa maji na wa petroli unabaki kwenye oili. Nasi tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, asubuhi zetu ni za baridi. Unatoka mtaa wa Section 58 hadi mjini, injini haijashika moto vizuri, umeshazima. Fungua kifuniko uone: povu jeupe kama maziwa lala. Na ule mdomo wa manifoldi uliouacha wazi unavuta hewa isiyopitia kabureta, injini inatetemeka gari likiwa limesimama, unaanza kulaumu plagi.

Kusafisha si kazi ya kutisha. Valvu ipulizie dawa ya kabureta mpaka ilie, kisha irudishe kwenye paipu, washa injini, ziba mdomo wake kwa kidole: usiposikia ikinyonya, fuata paipu hadi manifoldi. Isipolia, nunua nyingine, ya injini hiyohiyo. Springi yake imepimwa kwa mvuto wa injini hiyo, kwa hiyo msiniletee "hii inaingia pia". Inaingia, ndiyo, hata msumari unaingia. Paipu iwe ya kustahimili oili. Mpira wa maji utalainika, kisha ule mvuto uubane ujifunge.

Na kama ringi zimekwisha kweli? Zinaweza, sikatai. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Lakini safisha kwanza, ndipo umwambie mtu habari za injini nyingine.

Nilitaka kugusa dizeli zenye turbo, briza yake ina mambo yake, ila mwenye ukumbi ananionyesha saa. Valvu zangu ziko wapi? Naona moja tu. Ile bubu mmeirudisha haraka sana.