Viraka vyetu juu ya msimbo wa wenzetu

Hamjambo nyote. Karibuni, na walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nianze na risiti. Miaka kadhaa iliyopita nilitunza programu ya mauzo ya duka moja la dawa hapa Kampala. Ni programu huria, yaani msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi na yeyote anaruhusiwa kuubadilisha. Walioiandika wako mbali, na kwao kila sarafu ina senti. Shilingi yetu haina: katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, UGX, yaani shilingi ya Uganda, haina tarakimu hata moja baada ya nukta. Nikafungua faili kwenye seva yenyewe, nikabadilisha mistari mitatu iliyokuwa ikizidisha kiasi kwa 100, mambo yakaenda sawa. Sikuandika popote nilichofanya. Toleo jipya likatoka, nikalisakinisha usiku, mistari yangu ikafutika. Asubuhi mama mmoja aliyenunua dawa ya shilingi 15,000 akaona kwenye simu yake ombi la kulipa 1,500,000. Uso wake sijausahau.

Kubadilisha msimbo wa wenzetu si kosa. Leseni inaruhusu, na mahitaji yetu ndiyo haya. Nilikosea kuchanganya chetu na chao hata visitenganishike.

Siku hizi natumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo. Humo nina tawi, yaani mkondo mmoja wa historia hiyo, naliita chimbuko. Humo haiingii hata nukta yangu. Ni msimbo wao kama walivyoutoa. Juu yake kuna tawi letu, na kila badiliko lina komiti yake, yaani kumbukumbu ya badiliko hilo peke yake: moja ya senti, moja ya namba za simu zinazoanza na 256, moja ya nembo ya duka. Ujumbe wa komiti unaeleza kwa nini, maana atakayeusoma baada ya miaka miwili ni mtu ambaye hakuwepo, au ni mimi niliyekwisha sahau. Toleo jipya likija naliingiza kwenye chimbuko, kisha `git rebase` inavipachika viraka vyetu, yaani mabadiliko hayo, kimoja kimoja juu ya msingi mpya. Kikigongana kimoja na msimbo wao mpya, najua ni kipi na kiliwekwa kwa ajili ya nini. Washeni na `rerere`: Git inakumbuka ulivyotatua mgongano, na ukirudi uleule inatumia jibu lilelile. Tahadhari moja: `rebase` huandika historia upya. Tawi likitumiwa na watu wengi, `merge`, inayounganisha matawi bila kuandika historia upya, ni salama zaidi.

Wale wa Debian, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, huweka viraka vyao kwenye folda ya debian/patches, mbali na msimbo wa asili. Wazo ni hilohilo.

Sasa kile kiraka cha senti. Nilipokitazama tena nikaona si cha Uganda peke yake. Faranga ya Rwanda nayo haina senti katika kiwango hicho, yeni ya Japani vilevile. Nikakiandika upya: badala ya kuuliza kama sarafu ni UGX, programu isome idadi ya tarakimu za kila sarafu. Nikaongeza jaribio, nikawatumia wenyewe. Waliuliza maswali, wakataka nibadilishe majina mawili, kisha wakakipokea. Siku hiyo niliiondoa komiti ile kwenye tawi letu kwa furaha kubwa, kwa sababu mzigo ule sitaubeba tena. Vijana wetu wengi husita kutuma, wakidhani kule ni kwa wakubwa. Tumeni! Nembo ya duka ndiyo ibaki nyumbani.

Mkifika kazini kesho, linganisheni msimbo ulio kwenye seva zenu na toleo la asili kwa `git diff`. Mkikuta mstari ambao hakuna anayejua uliingiaje, anzeni na huo.