Mtego wa Nzi wa Chupa Mbili

Mwanaidi: Karibuni wasikilizaji. Leo tunazungumzia mtego wa nzi unaotengenezwa nyumbani kwa chupa mbili za maji, usiohitaji umeme wala sumu. Kaka Baraka, hebu tueleze umbo lake.

Baraka: Ahsante, dada Mwanaidi. Chupa ya kwanza hupakwa rangi nyeusi, hutobolewa matundu machache ubavuni yanayomtosha nzi kupita, kisha hutiwa chambo chenye majimaji. Chupa ya pili huachwa angavu, hutobolewa kitakoni, na shingo ya ile nyeusi, iliyoondolewa kizibo, huingizwa hapo hadi ichomoze ndani. Kizibo cha chupa ya juu hubaki kimefungwa.

Mwanaidi: Nzi aliyeingia kwa kufuata harufu, mbona asitokee tundu lile lile?

Baraka: Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Nzi anapotaka kuondoka huelekea kwenye mwanga, na ndani ya chupa nyeusi mwanga mwingi hutokea juu, shingoni. Hupanda na kujikuta katika chupa angavu, ambako pande zote zinang'aa isipokuwa ule mlango mwembamba alioingilia, ambao chini yake ni giza. Basi huzunguka akigonga kuta mpaka joto la jua limmalize.

Mwanaidi: Tabia hiyo hiyo ilitumiwa nchini Zimbabwe katika miaka ya 1970, Peter Morgan alipobuni choo cha shimo chenye bomba la hewa. Kibanda kina giza, bomba linapenyeza mwanga hadi shimoni, na juu yake pana wavu. Nzi waliozaliwa shimoni huufuata mwanga huo na kufia wavuni. Katika jaribio la siku 78, choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953, na chenye bomba kilitoa 146. Kwangu mimi, hakuna ushahidi mzito kuliko huo kwamba kuijua tabia ya mdudu kunashinda kumpulizia dawa.

Baraka: Nami naafiki kabisa. Tukirudi kwenye chambo, utumbo wa samaki uliovunda huwavuta sana nzi wa nyumbani. Umasaini, nchini Kenya, wametumia mavi ya mbuzi yaliyochanganywa na mkojo wa ng'ombe, kwa sababu huko adui mkubwa ni Musca sorbens, yule nzi anayetua kwenye macho ya watoto na kueneza trakoma, ugonjwa unaopofusha.

Mwanaidi: Kuna jambo linalonisikitisha: wengi huutundika jikoni, kisha hulalamika kwamba nzi wameongezeka.

Baraka: Lazima waongezeke, dada, maana chambo kinawaita! Mtego ukae nje, juani, mita kadhaa kutoka mlangoni, karibu na jalala au zizi. Jalala lenyewe nalo lifukiwe, kwa kuwa jike hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja, na penye joto yai huwa nzi kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi.

Mwanaidi: Na chupa ya juu ikijaa?

Baraka: Iache juani mpaka wote wafe, ndipo ufungue kizibo na kuwamwaga. Kwa kuwa hapakutumika dawa, hakuna sumu ya kuwadhuru kuku watakaowadonoa. Chambo usikitupe kingali na unyevu. Kiongeze maji kila kinapokauka, kwani kikavu hakina harufu ya kumvuta nzi.