Kabla Hujaagiza Ukoka, Chimba

Ndugu zangu, mafundi bustani na wenye nyumba, asanteni kwa kufika. Aina za ukoka mnazijua, bei mnazijua. Mimi nimekuja kwa kilichoko chini yake. Nimeyasema haya Kibaha, nimeyasema Kigamboni, na bado kila baada ya masika naitwa kutazama ukoka uliokufa.

Chukueni nyumba moja ya Mbezi. Mwenyewe kaleta ukoka wa Pemba, lori zima, umekatwa vizuri shambani pamoja na udongo wake, vipande vipande kama mikeka, kijani kibichi. Asubuhi umetandazwa, jioni watu wanapigia picha. Wiki ya tatu nikaitwa: umegeuka njano, na maji unapewa asubuhi na jioni. Nikainama, nikashika pembe ya mkeka kwa vidole viwili, nikavuta. Ukaja wote, kama jamvi. Chini yake mizizi myeupe imelala ubavu, imeng'ang'ania ule udongo wake wa shambani, haijashuka hata unene wa kidole. Nikagonga pale chini kwa ncha ya sururu: ikalia ngo! Ndipo mafundi ujenzi walipokuwa wanachanganyia zege. Juu yake kimemwagwa kifusi cha msingi, kikashindiliwa na magurudumu ya malori miezi na miezi. Ule mkeka ulikuwa umelazwa sakafuni!

Najua mtaniambia: mwalimu, mbona ukoka unaota hata kwenye ufa wa saruji? Kweli, unaota. Lakini ule umeingia wenyewe, mzizi mmoja mmoja, ukifuata unyevu. Mkeka umekatwa mizizi, umebaki na udongo wa sentimita mbili tatu, ukasafirishwa kwenye jua la saa saba. Huyo ni mgonjwa, anataka kitanda.

Mwingine atasema, tumwage udongo mweusi juu, tusawazishe, basi. Hapana, hapana! Maji yakiifikia ile sakafu yanatuama. Masika mizizi inaoza, kiangazi inakauka upesi. Chimbeni kwanza. Sentimita 15 kwa uchache, 20 ni bora. Toeni saruji, kokoto, misumari, mifuko ya plastiki, ndipo mchanganye samadi iliyooza. Iliyooza, nasisitiza, mbichi inaunguza mizizi na inaleta mbegu za magugu. Kisha chimbeni shimo la sentimita 30, lijazeni maji jioni. Asubuhi mkiyakuta bado yamo, kazi haijaisha.

Naona muda unanikimbia. Kutandaza: piga reki, shindilia kidogo kwa miguu, lowesha udongo kabla, maungio yapishane kama ya matofali. Ukoka uliokatwa leo utandazwe leo, maana ukirundikwa unachemka ndani kwa ndani. Kufyeka na mbolea za dukani tuyaache.

Ila ndago, lile gugu lenye viazi chini ya ardhi, siiachi. Ukiilima kwa jembe unaizidisha, kwa sababu kila kiazi kinachobaki kinachipua. Kabla ya kuleta mikeka, mwagilia kiwanja kitupu, isubiri iote, ing'oe na viazi vyake, rudia mara mbili tatu. Mkishatandaza juu yake, hamtaitoa tena bila kuuharibu ukoka wenyewe. Nimekuja na shina moja kwenye ndoo hii. Pitisheni mkono kwa mkono, mwone vile viazi vilivyoshikana kwa uzi mweusi, na mhesabu viko vingapi kwenye shina hilo moja.