Aya Haianzi kwa Kuruka Mstari

Walimu wenzangu, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie insha. Insha ni jambo kubwa mno kwa asubuhi moja, kwa hiyo nitazungumzia aya peke yake.

Nianze na swali. Unapoandika, unajuaje kwamba sasa ni wakati wa aya mpya? Naam, yule wa nyuma kasema: “Ukiona imekuwa ndefu.” Jibu hilo nalipata kila ninapouliza, na walau ni la kweli. Wengi wetu huruka mstari tunapochoka. Mimi nashikilia kwamba aya huamuliwa kabla ya sentensi yake ya kwanza: unajua unataka msomaji akubali nini, na akishakubali, umemaliza.

Karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ile yenye nambari 102/1, inakupa saa 1 na dakika 45 uandike insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Maneno 400 ni aya tano au sita. Sasa mtahiniwa anachukua aya nzima ya kwanza kutuarifu kwamba wahenga na wahenguzi hawakupepesa macho wala kutikisa masikio waliponena... Mnacheka kwa sababu mnajijua. Sina ugomvi na methali. Nina ugomvi na aya ambayo ukiifuta, insha haipungukiwi na chochote.

Sikilizeni hii. Nimeitunga mwenyewe, ila mtaitambua:

“Mifuko ya plastiki ina madhara mengi. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017. Aidha, ng’ombe hufa wakiila. Vilevile, huziba mitaro. Fauka ya hayo, serikali inapaswa kuwaelimisha wananchi. Isitoshe, mbu huzaliana.”

Sarufi haina kasoro. Lakini hebu chukueni ng’ombe mumpeleke mwishoni, mbu mumlete mwanzoni. Kumeharibika nini? Hakuna. Aya ambayo sentensi zake zinahamishika ovyo bila mtu kugundua ni orodha iliyoandikwa bila nambari. Na wanaotuficha hilo ni hao kina “aidha” na “fauka ya hayo”. Kazi yao ni kusema “kuna jingine” tu; jingine hilo linahusianaje na la kwanza, hawasemi. Ukiandika “kwa hiyo” au “ndiyo maana” umejifunga, lazima uhusiano uwepo. Ukiandika “hata hivyo”, lazima kuwe na mgongano. Wanafunzi wangu huniambia viunganishi vya kifahari vinaleta alama. Labda. Havileti hoja.

Sasa tuijenge upya:

“Ubaya wa mfuko wa plastiki ni kwamba hauozi. Ukitupwa sokoni, mvua ya kwanza huusukuma mpaka mtaroni, ukakwama kwenye taka nyingine. Maji yakikosa njia hutuama, na yalipotuama mbu huzaliana. Mvua kubwa ikija, maji hayo huingia majumbani. Ndiyo maana mtaa unaweza kufurika hata kama mitaro yake ilichimbwa vizuri.”

Jaribuni kuhamisha sentensi hapo. Mbu hawezi kutangulia maji yaliyotuama, na maji hayatuami kabla mtaro haujaziba. Ng’ombe je? Nimemtoa, na najua inauma kumtoa. Atapata aya yake. Marufuku nayo ina aya yake, tena nzuri: Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Hapo pana swali la kujibu: kwa nini jirani mmoja aliwatangulia wenzake kwa miaka mingi hivyo? Swali hilo likibanwa kati ya ng’ombe na mbu, msomaji halioni.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vingi vya insha hulipita haraka, na mimi nataka kukaa hapo. Tazameni: hauozi, ukitupwa, huusukuma, ukakwama. Neno “mfuko” limetajwa mara moja tu, kisha upatanisho wa ngeli ukalibeba. Kiswahili kimetupa uzi wa kushona aya bila kurudiarudia nomino. Lakini uzi huo hukorogeka. Nikiandika, “Mfuko uliponasa kwenye mti, ulikatwa,” kilichokatwa ni kipi? Mfuko na mti ni wa ngeli moja, na msomaji amebaki njia panda. Hapo rudia nomino bila aibu: “mti ulikatwa.”

Kwenye masimulizi uzi wenyewe ni -ka-. “Alifika, akabisha hodi, akasubiri, akaondoka.” Kitenzi cha kwanza kina -li-, vinavyofuata vinaning’inia hapo. Unapojikuta unarudi kwenye -li-, mara nyingi tukio jipya limeanza, na huenda na aya mpya pia. Si sheria, ila sikio lako litakuambia mapema kuliko mwalimu.

Urefu? Mkiniuliza sentensi ngapi, sitawajibu. Ila msiige magazeti: safu zake ni nyembamba, kwa hiyo aya hukatwa kila sentensi moja au mbili ili jicho lipumzike. Kwenye insha, sura hiyo inaonekana kama mawazo yaliyokatika.

Na yule anayedhani aya ni mambo ya kizungu, asome tenzi za Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, za karne ya 18. Ubeti mmoja una vipande vinne vya mizani nane, yaani silabi nane. Vitatu vya mwanzo vina kina chao, yaani huishia kwa silabi moja, cha nne kinashika kina kinachopita utenzi mzima. Ubeti unajitosheleza, na hapo hapo umefungwa kwenye shairi lote. Sentensi ya mwisho ya aya inaweza kufanya kazi ya kipande hicho cha nne: irudi kwenye hoja ya insha, si kwenye methali.

Basi, toeni madaftari. Mchukueni ng’ombe niliyemtoa. Mpeni aya, sentensi zisizozidi sita, bila aidha wala vilevile. Mkimaliza, mpe jirani yako azichanganye kisha azipange upya. Akishindwa kujua ipi ilitangulia, amrudishie kalamu mwenye daftari. Mna dakika 15.