Maji Yako Sawa, Tenki Je?

(Imerekodiwa Tabata, Dar es Salaam, sebuleni kwa Zuhura. Feni imezimwa ili isiingie kwenye maiki, kwa hiyo mtuvumilie tukihema.)

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Mimi Zuhura, niko na kaka yangu Deo, na leo kaja amenuna.

DEO: Sijanuna dada, nina aibu. Jumamosi kaja kijana getini, shati limenyooshwa, begi mgongoni. "Mzee, unajua unachokunywa?" Akaomba glasi mbili. Moja akatia maji ya bomba letu, nyingine maji aliyokuja nayo. Akachomeka kidude chenye vijiti kwenye umeme, akakitumbukiza kote kuwili.

ZUHURA: Nimeshajua mwisho wake.

DEO: Maji yetu yakageuka! Kwanza njano, kisha kahawia, kisha uji wa ulezi kabisa. Ya kwake hayakubadilika hata kidogo. Mama watoto akanitazama kama vile mimi ndiye niliyetia sumu.

ZUHURA: Ukatoa hela.

DEO: Nikatoa kianzio. Kichujio alichokuwa anauza kinalipwa kidogo kidogo.

ZUHURA: Pole baba. Vijiti vile ni vya chuma. Umeme ukipita kwenye maji yenye madini, chuma kinaliwa, kinakuwa kutu. Huo uji wako wa ulezi ni kutu ya vijiti vyake mwenyewe. Glasi yake haikugeuka kwa sababu maji yake yalishaondolewa madini, umeme haupiti vizuri. Ungemtilia kijiko cha chumvi humo...

DEO: Yangegeuka?

ZUHURA: Kuliko yako. Na hayo madini kwenye maji yako, kalisiamu na wenzake, si uchafu.

DEO: Alikuwa na kingine kama kalamu, kinaonyesha namba.

ZUHURA: Hicho kinapima chumvichumvi zilizoyeyuka, basi. Kina kazi yake: una kisima karibu na bahari, unataka kujua chumvi imeingia kiasi gani, sawa. Lakini vijidudu vya kipindupindu hakivioni. Maji yanaweza kusoma namba nzuri na bado yakakulaza wodini.

DEO: Sasa mtu wa kawaida ajue vipi? Maana yakinuka dawa, mama yangu anayamwaga.

ZUHURA: Mpe shikamoo yake, halafu mwambie asimwage. Maji mengi ya jiji hili yanatoka mto Ruvu. Kuna mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, ambao peke yake umejengwa kuzalisha mpaka lita milioni 270 kwa siku. Masika ule mto ni chai ya maziwa. Mtamboni wanatia dawa ya kukusanya tope ili lizame, wanachuja, wanamalizia na klorini. Hiyo klorini inatiwa na ya akiba, isafiri na maji. Shirika la Afya Duniani linataka yakifika kwenye bomba lako yawe bado nayo, angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ukisikia kaharufu ka dawa, mlinzi bado yuko zamu.

DEO: Huyo mlinzi akifika mtaani kwetu ameshachoka.

ZUHURA: Anachoshwa na mgao. Unakumbuka mwishoni mwa 2022, ukame, Ruvu imepungua, watu na madumu usiku wa manane? Bomba likiwa na presha, hata likitoboka maji yanatoka nje, uchafu hauna njia. Presha ikikatika, tundu lile lile linanyonya. Kama limepita kwenye mtaro, linanyonya mtaro.

DEO: Na wale wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaani?

ZUHURA: Hao wanavuta mpaka uchafu wa jirani.

DEO: Ninaye mmoja. Simtaji, anatusikiliza.

ZUHURA: Ndiyo maana yakirudi baada ya kukatika, ndoo za kwanza ni za kudekia. Usiyaelekeze kwenye tenki. Yaache yatoke mpaka yang'ae.

DEO: Kuna siku yanatoka meupe kama maziwa lakini.

ZUHURA: Hapo weka kwenye glasi usubiri. Yakianza kung'aa kuanzia chini kwenda juu, ni hewa tu imenaswa, usijali. Tope halifanyi hivyo, lenyewe linashuka linakaa chini.

DEO: Na tenki? Maana wote tuna simtanki juu ya mnara, hakuna anayepanda.

ZUHURA: Usinikumbushe. Mwaka jana mwanangu akasema maji yana ladha ya mfuko. Nikapanda ngazi. Kifuniko kimepasuka, kimeegeshwa na tofali. Nikamulika na tochi ya simu: chini kuna tope la udongo mwekundu, unene wa kidole, ukutani utelezi wa kijani. Viluwiluwi vya mbu vinacheza. Na mjusi, Deo.

DEO: Hai?

ZUHURA: Alishakuwa mweupe.

DEO: Mungu wangu. Na mlikuwa mnapikia?

ZUHURA: Tulikuwa tunalaumu bomba! Nikachukua ndoo mbili, moja kutoka bomba la kwenye mita, moja kutoka tenkini. Ya mita inanuka dawa kwa mbali. Ya tenki inanuka dimbwi. Hicho ndicho kipimo cha kwanza kwa kila mtu, bure, na kinakwambia kosa liko kwako au liko barabarani.

DEO: Ukasafisha na nini?

ZUHURA: Nikamwaga yote, brashi ya mpini mrefu, jiki iliyozimuliwa, ile isiyo na manukato, nikasuuza mara tatu. Na tafadhali, jiki usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa hewa inayobana kifua, na ndani ya tenki huna pa kukimbilia. Kifuniko nikanunua kipya. Sasa ni kila baada ya miezi mitatu.

DEO: Na ya kunywa bado unachemsha?

ZUHURA: Nachemsha. Yakitokota mapovu makubwa dakika moja, huku pwani yanatosha. Kuyaacha robo saa ni kuchoma gesi. Ila kuchemsha hakutoi chumvi, inabaki, tena inazidi kidogo. Halafu yanaingia kwenye ndoo yenye koki. Siyo mtu anachovya kikombe alichoshikia embe.

DEO: Mtu akitaka uhakika wa karatasi?

ZUHURA: Apeleke maabara, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara za maji za serikali. Aombe chupa yao iliyotakaswa, si chupa ya soda. Anatia kwenye barafu, anafikisha siku hiyo hiyo, ndani ya saa sita kama foleni itamruhusu. Majibu yakija, aanze na mstari wa E. coli, vijidudu vya kinyesi. Unatakiwa kusoma sifuri katika mililita 100. Sifuri, siyo "kidogo".

DEO: Mimi kwanza nataka kianzio changu. Yule kijana anarudi Jumamosi.

ZUHURA: Muwekee glasi mezani. Na chumvi pembeni.

(Mlio wa bomba likikohoa jikoni.)

DEO: Hiyo nini?

ZUHURA: Yanatoka! Toka juzi hayajatoka. Deo, kimbia, funga koki ya tenki!

DEO: Niikinge ndoo?

ZUHURA: Ile nyekundu, ya deki!